Usikate Mbuni Usioujua

Leo tuzungumze juu ya mbuni mmoja. Naam, mmoja tu.

Umeingia shambani msimu wa kuchuma. Mibuni yote matunda yake yameiva mekundu. Lakini pale karibu na mgomba upo mmoja ambao matunda yake ni ya manjano. Unasema hayajaiva, unauruka. Wiki ya pili unarudi: bado manjano, na mengine yameanza kuanguka. Jirani anakuambia, "Ugonjwa huo, bwana. Ng'oa, choma moto!" Na panga unalo mkononi.

Ngoja kwanza, ndugu yangu. Uangalie mti huo.

Majani yake je? Kama nayo yamepauka na shina lina matundu yenye unga wa mbao, hapo jirani kasema kweli, kuna bungua ndani. Kama ni tawi moja tu linalokauka, huo nao ni ugonjwa. Lakini kama majani ni ya kijani kibichi na mti mzima una matunda ya manjano, basi bonyeza tunda kwa vidole. Mbegu zikichomoka kwa urahisi, na ute wake ni mtamu, tunda hilo limeiva. Mti huo hauumwi. Ni wa aina nyingine.

Mambo haya si mageni. Huko Brazili, mwaka 1871, mbuni wa matunda ya manjano ulionekana katika mashamba ya Botucatu. Leo kahawa ya manjano hulimwa huko kwa wingi.

Kisiwani Timor yalitokea makubwa zaidi. Katika miaka ya 1920, kwenye shamba la Arabika, ulionekana mbuni mmoja ambao haukushikwa na kutu ya majani. Kumbe Arabika na Robusta zilikuwa zimechanganyika zenyewe, jambo ambalo ni nadra. Uzao wa mti ule ulienda mbali. Kahawa ya Ruiru 11, waliyopewa wakulima wa Kenya mwaka 1985, ina damu ya Timor ndani yake. Ruiru 11 inastahimili kutu, na pia chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha matunda yangali mabichi. Sasa fikirini: je, kama mtu wa Timor angekuwa na haraka ya panga?

Basi ukiona mbuni wa namna yake, fanya hivi. Kwanza, ufunge kitambaa, watoto na vibarua waujue wasiukate. Pili, chuma matunda yake mbali na mengine, uyapime. Andika katika daftari: umezaa kiasi gani, umeugua nini, mibuni ya jirani imeugua nini. Fanya hivyo misimu mitatu au minne, maana mbuni huzaa sana mwaka mmoja na mwaka unaofuata ukapumzika. Tatu, mwite bwana shamba au bibi shamba auone ukiwa na matunda.

Na hapa nawaonya. Msije mkang'oa shamba zima mkapanda mbegu za mti mmoja! Rangi ya manjano peke yake haiongezi bei wala haizuii ugonjwa. Tena inasumbua wakati wa kuchuma, kwa sababu tunda bichi linaloelekea kuiva hufanana na lililoiva. Arabika hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo watoto wengi hufanana na mama, lakini si wote. Na mti chotara kama Ruiru 11, mbegu zake ukizipanda hupati tena Ruiru 11 ile ile. Panda miche michache pembeni, uitazame.

Yule mbuni ambao haukuugua wakati mingine yote imepukutisha majani, huo ndio wa kutazamwa zaidi, hata kama matunda yake ni mekundu kama ya mingine. Huo hauonekani kwa rangi. Huonekana kwa mkulima anayetembelea shamba lake kila wiki akiwa amefungua macho.

Kesho asubuhi, kabla ya kushika panga, pitia mstari kwa mstari. Tukutane tena juma lijalo. Kwaherini, na kazi njema.