Neno la Karani wa Chama Juu ya Madeni



Mnisamehe, maana jambo nitakalolinena hunong'onwa tu. Wako ndugu zetu wasiolala majumbani mwao kwa kuwaogopa wanaowadai. Chama huwachangia, nusu ya deni hulipwa, kisha riba hulijaza tena.

Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 humruhusu mtu kama huyo kwenda mwenyewe Mahakama Kuu, akaomba atangazwe kuwa muflisi. Mali yake huuzwa, na fedha hugawiwa wanaomdai. Lakini vifaa vya kazi yake na vyombo vya lazima vya nyumbani huachiwa. Ikitimia miaka 3 tangu alipotoa hesabu ya mali na madeni yake, hufunguliwa, isipokuwa pingamizi limewekwa. Deni la hila halifutwi.

Mwenzangu mmoja, fundi wa nguo, alifanya hivyo. Cherehani yake ilibaki kwake, na leo anashona. Lakini mimi nilikuwa mdhamini wake, na sheria impapo yeye uhuru haimfungui mdhamini. Mshahara wangu ungali ukikatwa. Simlaumu. Ila angaliniambia mapema.

Basi naiomba Kamati ikubali kwamba mwenye deni aje kwetu na daftari lake, na wadhamini wake waitwe, kabla hajakwenda mahakamani.