Hakuna Mlango wa Nyuma wa Kuingia Udaktari

*Maandishi kamili ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mikutano ya wazazi, walimu na wanafunzi katika kaunti za Kitui na Makueni.*

 Mazungumzo ya leo yanahusu swali moja ambalo wazazi huuliza sana kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa: mtoto afanye nini ili asomee udaktari?

Swali hili ni zito kwa sababu mbili. Kwanza, kaunti zinahitaji madaktari. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, hospitali na zahanati za kaunti ziko mikononi mwa serikali za kaunti, na mgonjwa wa Tseikuru au Kathonzweni anataka kumpata daktari karibu na nyumbani. Pili, familia nyingi huuza ng'ombe, magunia ya ndengu au hata kipande cha shamba ili mtoto asome. Mali hiyo ikitumika vibaya kwa kukosa habari, hairudi.

Hakuna mtihani maalumu

Jambo la kwanza ni hili. Nchini Kenya hakuna mtihani wa kitaifa wa pekee wa kuingia udaktari baada ya KCSE. Baadhi ya nchi zinao. Uingereza vyuo vingi hutumia mtihani uitwao UCAT. India wanafunzi hufanya NEET. Marekani mtu husoma shahada ya kwanza, kisha akafanya MCAT. Kenya, mtihani unaopima ni KCSE wenyewe.

Kwa hivyo, mzazi akipigiwa simu na mtu anayedai kwamba kuna "mtihani maalumu wa udaktari" na kwamba ada ya kutenga nafasi itumwe kwa M-Pesa leo kabla ya saa kumi, mzazi huyo anazungumza na tapeli. Nafasi katika vyuo vya umma hugawiwa na Shirika la Kuwateua Wanafunzi wa Vyuo Vikuu na Vyuo vya Kadri, KUCCPS, lililoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Mwanafunzi huomba mwenyewe kwenye mtandao wa shirika hilo, kwa namba yake ya mtihani. Gavana hagawi nafasi hizo, mwakilishi wadi hagawi, wala chifu hagawi. Elimu ya chuo kikuu ni jukumu la serikali ya kitaifa, na kaunti haina orodha ya siri.

Masomo manne

Jambo la pili ni alama. Kuna alama ya wastani na kuna alama za masomo, na wazazi wengi huangalia ile ya wastani pekee. Ili kusomea shahada ya udaktari na upasuaji, kiwango cha chini ni wastani wa B, na pia B katika kila moja ya masomo manne: Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili.

Mfano utasaidia. Mwanafunzi mmoja amepata wastani wa A-, kijiji kizima kinasherehekea, lakini Kemia amepata B-. Huyo hatimizi kiwango. Mwingine amepata wastani wa B+, na katika masomo yale manne hana hata moja lililoshuka chini ya B. Huyo anaruhusiwa kuomba.

Lakini kuruhusiwa kuomba si kupata. KCSE humpa mwanafunzi pointi 12 kwa A, 11 kwa A-, 10 kwa B+ na 9 kwa B. Masomo manne yakiwa yote A, jumla ni 48. Yakiwa yote B, jumla ni 36. KUCCPS hutumia pointi za masomo hayo manne pamoja na matokeo ya jumla ya masomo saba, ambayo upeo wake ni 84, kisha huwapanga waombaji kuanzia wa juu. Udaktari ni miongoni mwa kozi zinazogombaniwa zaidi nchini. Mwenye B tupu katika kila somo amefika langoni, ila mbele yake kuna foleni ndefu.

Ndiyo maana ni hatari kujaza udaktari katika kila chaguo la fomu ya maombi na kuacha mengine. Mwanafunzi mwenye alama za katikati afikirie pia famasia, uuguzi, sayansi ya maabara au afya ya umma. Baada ya uteuzi wa kwanza huwa kuna nafasi ya kuomba kuhamishwa, lakini anayehamia kozi nyingine lazima awe na alama zilizohitajika katika kozi ile.

Uamuzi hufanywa mapema

Hili ndilo ambalo mzazi anapaswa kwenda nalo nyumbani. Mlango wa udaktari hufungwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Katika shule nyingi, mwanafunzi wa 8-4-4 alichagua masomo alipomaliza kidato cha pili. Kiingereza, Kiswahili na Hisabati ni lazima kwa wote. Katika sayansi, mwanafunzi anaweza kubaki na mbili na kuacha moja.

Akiacha Fizikia, bado ana njia, mradi Hisabati yake iwe nzuri. Akiacha Biolojia, njia ya udaktari imefungwa, hata kama atapata A katika masomo mengine yote. Na Kemia haina mbadala. Mtoto wa miaka kumi na sita anaweza kuacha somo kwa sababu rafiki yake ameliacha, au kwa sababu shule haina mwalimu wa kutosha au maabara yenye vifaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzazi aende shuleni muhula ule, aulize mtoto ameacha somo gani na kwa nini. Safari ile ya asubuhi moja kutoka Mutomo au Kibwezi inaweza kuokoa miaka.

Tangu KCSE ya mwaka 2023, wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Utaratibu huo umeinua wastani wa wanafunzi wengi. Haujabadilisha masharti ya masomo manne ya udaktari. Wastani ukiinuliwa na somo la ziada, Kemia inabaki pale pale.

Wale wa mtaala mpya

Wanafunzi walio katika mfumo wa 8-4-4 watafanya KCSE ya mwisho mwaka 2027. Nyuma yao kuna wale wa mtaala wa umilisi, ambao kundi lao la kwanza lilifanya tathmini ya Gredi ya 9 mwaka 2025. Kwao uamuzi unakuja mapema zaidi. Wanapotoka Gredi ya 9 huchagua mojawapo ya mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na sayansi za michezo.

Mwenye ndoto ya udaktari achague mkondo wa sayansi, na ndani yake achague masomo yenye Biolojia na Kemia. Si kila shule ya sekondari ya juu inafundisha kila mchanganyiko wa masomo. Kabla ya kuchagua shule kwa jina lake kubwa, familia iulize shule hiyo inafundisha nini.

Njia ya pili

Je, aliyekosa B amekosa kazi ya kutibu? Hapana. Wagonjwa wengi katika vituo vya afya vijijini huhudumiwa na maafisa wa kliniki na wauguzi. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu nchini, KMTC, kina mabewa Kitui, Makueni na Makindu. Diploma ya utabibu wa kliniki huanzia wastani wa C, pamoja na alama zinazotajwa katika masomo ya sayansi na lugha. Mafunzo huchukua miaka mitatu, kisha mwaka wa kazi ya mazoezi. Huyo ni mtaalamu kamili, mwenye leseni yake.

Mwenye diploma hiyo aliyefaulu vizuri anaweza baadaye kuomba kusomea udaktari katika baadhi ya vyuo vikuu. Nafasi ni chache, na alama zake za KCSE bado huangaliwa. Ni njia ndefu, lakini ni njia halali.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Shahada ya utabibu wa kliniki na shahada ya udaktari na upasuaji ni kozi mbili tofauti. Mhitimu wa ile ya kwanza husajiliwa na baraza la maafisa wa kliniki. Mhitimu wa ya pili husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Kabla ya kulipa karo, mzazi asome jina la kozi kwenye barua neno kwa neno.

Vyuo vya kibinafsi na vya ng'ambo

Chuo cha kibinafsi kinaweza kumwita mwanafunzi kwa mahojiano au kuongeza masharti yake. Hakiwezi kushusha kiwango cha KMPDC. Baraza hilo ndilo linaloidhinisha vyuo vinavyofundisha udaktari, na mwanafunzi wa udaktari lazima aandikishwe nalo. Chuo ambacho hakijaidhinishwa kinaweza kutoa cheti kizuri cha kutundika ukutani, lakini hakiwezi kumpa mtoto leseni.

Anayesoma ng'ambo, akirudi nyumbani, hufanya mtihani wa KMPDC kabla ya kuruhusiwa kuanza kazi ya mazoezi. Huo ndio mtihani ambao mawakala wengi hawautaji wanapouza safari. Aliyeondoka na Kemia ya D kwa sababu chuo fulani cha mbali hakikuuliza, ataulizwa atakaporudi. Hata majirani wana masharti yao: Tanzania, kwa mfano, huangalia Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha sita. Mzazi aliulize baraza kwanza, ndipo anunue tiketi.

Gharama na subira

Udaktari huchukua miaka sita chuoni, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini kabla ya usajili kamili. Ni miongoni mwa kozi ghali zaidi. Mwanafunzi aliyeteuliwa aombe ufadhili wa serikali na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, mara dirisha la maombi linapofunguliwa. Asingoje barua ya basari ndipo aanze. Basari husaidia, lakini si ahadi ya miaka sita.

Ukweli mwingine usifichwe. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56, ulihusu kwa sehemu kubwa madaktari wanagenzi: kupangiwa vituo na kulipwa. Mtoto anayechagua kazi hii aichague akijua kwamba ina subira ndani yake, hata baada ya kuhitimu.

Mambo matano ya kwenda nayo nyumbani

1. Biolojia na Kemia zisiachwe. Kati ya Hisabati na Fizikia, angalau moja iwe imara.
2. Wastani mkubwa hauokoi somo lililoanguka.
3. Maombi yafanywe na mwanafunzi mwenyewe, na nywila yake asiachiwe mtu wa saiba.
4. Kabla ya kulipa chuo chochote, jina lake litafutwe katika orodha ya KMPDC.
5. Anayeuza nafasi hana nafasi.

Zamani, kabla ya chuo ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Nairobi kuanza kufundisha udaktari mwaka 1967, kijana wa Ukambani aliyetaka kuwa daktari alilazimika kwenda nje ya nchi, kama vile Makerere, Uganda. Leo vyuo viko vingi zaidi na mabewa ya KMTC yako karibu. Kilichobaki ni mtoto kushika masomo yake manne, na mzazi kufika shuleni kabla masomo hayajachaguliwa.