Rangi ya Kiondo Kwenye Picha

Leo tuzungumze juu ya picha za vyondo mnazowatumia wanunuzi kwa simu. Mama amesuka kiondo cha katani nyeupe, akakipiga picha jioni chini ya balbu, na kwenye picha kikatoka cha manjano. Mnunuzi wa Nairobi akalipa akitaka hicho cha manjano. Kikifika anakirudisha, na nauli ya kwenda na kurudi inamaliza faida yote. Mama hakudanganya mtu, kamera ndiyo iliyokosea.

Macho yetu yana ujanja. Karatasi nyeupe tunaiona nyeupe juani, kivulini, hata kando ya koroboi. Kamera haina ujanja huo. Lazima ikisie ama iambiwe. Mwanga wenyewe una rangi, nayo hupimwa kwa kelvini. Balbu ya zamani, ile ya waya unaowaka, ni karibu 2,800, na mwanga wake ni wa manjano. Jua la mchana ni karibu 5,500. Kivulini, ambako mwanga unatoka kwa anga, hufika 7,000 na zaidi, na vitu huingia ubluu. Namba ikipanda, ubluu unazidi. Hilo wengi hulishika kinyume.

Simu ikiachwa ikisie yenyewe, mara nyingi hufanya vizuri. Lakini kiondo chekundu kikijaza picha nzima, huenda ikadhani wekundu ni wa mwanga, iupunguze. Basi rudi nyuma kidogo, uweke karatasi nyeupe kando ya kiondo. Simu nyingi zina alama ya WB, na chini yake vichoro vya balbu, jua na wingu. Chagua kinachofanana na mwanga ulio nao, utazame karatasi. Ikitoka nyeupe, piga vyondo vyote bila kugeuza kitu.

Na msichanganye mwanga, dirisha huku na balbu kule. Hapo WB haisaidii. Upande mmoja utakuwa bluu na mwingine manjano. Zimeni balbu. Tena msipige chini ya turubai ya bluu wala karibu na ukuta wa kijani, maana rangi hiyo huangukia katani. Hata kivuli cha mwembe kina ukijani wake. Mahali pazuri ni mlangoni, mchana, pasipo jua kali.

Kabla ya kutuma, shika kiondo chenyewe kando ya simu, ulinganishe. Kama bado havifanani, mwandikie mnunuzi rangi kwa maneno: kahawia ya chai ya rangi, si ya maziwa.