Yakobo na Petro, Sura Moja



Matendo 12 ina watu wawili. Yakobo anauawa kwa upanga, Petro anatolewa gerezani na malaika. Mungu ni yuleyule. Lakini sisi wahubiri tunampenda Petro, kwa sababu ushuhuda wake unapigiwa makofi.

Sura hiyo tumeiona hapa kwetu. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa na utawala wa Idi Amin. Mwaka huohuo Askofu Yona Okoth wa Bukedi, hapa Tororo, alivuka mpaka akakimbilia Kenya, akapona. 1984 akawa Askofu Mkuu. Septemba 1977 makanisa na vikundi 27 vikapigwa marufuku, Wapentekoste tukiwamo. Watu wakaomba kwa kunong'ona. Sisi na kelele zetu hizi!

Sasa niambieni, Luwum alikosa imani? Hapana! Basi mama aliyempoteza mumewe barabarani tusimwambie hakuomba vya kutosha. Mungu hakutuahidi kwamba hatutakufa. Ametuahidi kwamba hatatuacha, na hilo Yakobo alilipata sawasawa na Petro.

Simameni tuombe. Tuanze na wajane walio katikati yetu.