Hofu ya Mtoto

Leo tufikiri pamoja juu ya elimu ya nafsi, iitwayo saikolojia.

Mwaka 1879 Wilhelm Wundt alianzisha chumba cha majaribio katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Huko mtu alionyeshwa mwanga au kusikilizishwa mlio, kisha akaulizwa ameona nini, amesikia nini ndani yake. Lakini mwaka 1913 Mmarekani John Watson aliikataa njia hiyo. Alishika kwamba mambo ya ndani hayapimiki. Mtaalamu na atazame matendo tu.

Mwaka 1920 Watson na mwenzake Rosalie Rayner walieleza jaribio walilomfanyia mtoto mchanga mjini Baltimore. Walimwita Albert. Mwanzoni hakumwogopa panya mweupe hata kidogo. Ndipo, alipomgusa panya, chuma kiligongwa kwa nyundo nyuma yake. Baada ya mara saba alilia kwa kumwona panya tu, akaogopa hata sungura na koti la manyoya. Kisha akachukuliwa kwenda zake, wala hofu ile haikuondolewa.

Lakini mwaka 1924 Mary Cover Jones, mfuasi wa mafundisho hayo hayo, alieleza habari za Peter, mtoto wa karibu miaka mitatu aliyeogopa sungura. Bibi huyo alimpa chakula akipendacho, huku sungura akisogezwa karibu kidogo kidogo. Mwishowe Peter alimpapasa sungura kwa furaha. Elimu ile ile iliyotia hofu ndiyo iliyoiondoa.

Na sisi wazazi je? Mtoto akilia twamwambia, "Nyamaza, au nitamwita daktari akudunge sindano!" Mtoto hunyamaza, nasi twadhani tumefaulu. Tumetazama tendo tu. Ndani hofu imebaki, na siku atakapougua kweli, atamkimbia yule awezaye kumponya.

Ndugu zangu, Mungu ametukabidhi mtoto mzima, matendo yake pamoja na moyo wake. Basi tusimtishe ili tupate kimya cha usiku mmoja. Na yule ambaye tumekwisha kumtisha, tusimcheke wala kumsukuma. Tumshike mkono, tumwendee polepole, hatua moja leo na nyingine kesho, mpaka aone mwenyewe kwamba hapana la kuogopa.

Kwaherini.