Riba Haifuti Rasilimali



Napenda tuitazame kesi moja ya madai iliyoamuliwa London, ingawa waliogombana ni Waislamu.

Benki ya Shamil ya Bahrain ilizipatia fedha kampuni za kundi la Beximco la Bangladesh kwa murabaha, yaani benki inunue bidhaa kisha imuuzie mteja kwa faida inayojulikana, naye alipe kwa muda. Malipo yalipokwama, mwaka 1999 yaliandikwa makubaliano mapya kwa sura ya ijara. Hayo nayo hayakutimizwa, benki ikashtaki. Ndipo wadaiwa wakadai kwamba ule ulikuwa mkopo wa riba uliovishwa kanzu. Na kwa kuwa mkataba ulitaja sheria ya Uingereza pamoja na misingi ya Sharia, basi ni batili.

Mwaka 2003 Mahakama Kuu iliikataa hoja hiyo, na Januari 2004 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono. Majaji walisema mkataba hutawaliwa na sheria ya nchi; tena wanazuoni wenyewe wanahitilafiana, na si kazi ya mahakama ile kuamua baina yao.

Wako watakaosema Sharia imedharauliwa. Mimi naona aliyeidharau ni yule aliyeikumbuka siku ya kudaiwa. Hata kama ilikuwa riba, Sura ya Baqara aya ya 279 inamwachia mdai rasilimali yake, na aya ya 280 inaamuru muhula kwa mwenye dhiki. Mwenye hila hakutajwa. Mtume (s.a.w.) alijizuia kumsalia maiti aliyeacha deni la dinari mbili mpaka Abu Qatada alipolibeba.

Benki nayo haikutakaswa. Mahakama haikusema mikataba ile ni halali mbele ya Mwenyezi Mungu. Ilijiweka kando tu. Kwa hiyo mzigo wa kupima umebaki kwetu, na murabaha sasa inauzwa Kenya na Tanzania. Kabla ya kutia saini, uliza: bidhaa iko wapi? Benki imeimiliki lini? Ikiharibika kabla hujakabidhiwa, hasara ni ya nani? Asiyeridhika na majibu aondoke siku hiyo hiyo, fedha zikiwa bado mikononi mwa mwenyewe.