Kijana wa Pwani na Kazi Isiyo na Ujira
(Hotuba kwa wakristo na waalimu wa Msimbati)



Nimeagizwa niseme habari ya kujitolea. Wengi wakilisikia neno hili hudhani ni kufagia uwanja wa kanisa siku ya Jumamosi. Kazi hiyo ni njema, lakini siyo niliyoikusudia. Twaishi kando ya bahari. Basi na tuitazame bahari.

Mnajua jinsi baruti ilivyoiharibu pwani hii. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 iliikataza, wala haikukoma. Kijana akiitupa penye matumbawe hupata samaki wengi kwa mara moja. Lakini vifaranga navyo hufa, matumbawe huvunjika kuwa kokoto, na mahali pale hukaa miaka mingi pasipo samaki. Wako na waliolipukiwa mikononi. Kijana yule amekula leo kazi yake ya kesho.

Katika miaka ya 1990 wanavijiji wa pwani ya Mtwara na Lindi walichoka kungoja. Wakakutana, wakafanya umoja wao ulioitwa Shirikisho, wakapeleka kilio chao kwa wakubwa. Tena walioshitakiwa hawakuwa wageni, bali majirani, pengine wana wa ndugu zao. Kumpa maskini kibaba cha unga ni rahisi. Kumwambia mwana wa dada yako, “Acha,” mbele ya kijiji kizima, hiyo ndiyo sadaka. Mwishoni mwa miaka ile wanamaji wa jeshi waliingia kazini, milipuko ikapungua. Mwaka 2000 Serikali ikaweka Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na Msimbati imo ndani yake. Hata hivyo baruti ilirudi.

Kwa nini ilirudi? Mimi naona ni kwa sababu makatazo hayamlishi mtu. Aliyeacha baruti hana mashua wala nyavu, wala hajui kusuka dema. Amhitaji mtu wa kumshika mkono. Wazee wetu walijua jambo hili: mvulana jandoni hakuachwa peke yake, alikuwa na mlezi wake. Nasi leo twamwachia nani kijana anayetoka shule hana kazi?

Mvuvi mmoja na amchukue kijana mmoja, amfundishe upepo na maji. Mwalimu na ampe jioni moja kwa juma, ajifunze hesabu ya kuuza samaki asidanganywe na mchuuzi. Wala msiulize asali wapi. Jirani zetu wengi ni Waislamu, na bahari ni moja.

Lakini ninyi wenye mashua, nisikilizeni sana. Msimfanye kijana mtumishi wa bure, kisha mkaita kujitolea. Anayejitolea ni wewe. Yeye apewe fungu lake la samaki siku ile ile.

Tukiisha kutoka hapa, wenye mashua na waalimu wakae chini ya mwembe. Nina daftari, tutaandika nani amchukua nani, na tangu siku gani.